Vichupa Viwili vya Watembea-Maji

Baba, kamwene.

Kuitika huwezi, najua, na safari hii kunikatiza pia huwezi. Basi nisikilize. Wewe ulifundisha bayolojia Makambako mpaka ukastaafu, na mimi binti yako nimechuma chai Lupembe tangu usichana. Leo tuzungumze habari za wadudu.

Unakikumbuka kinyungu chetu kule Matembwe, bondeni, Mama alipokuwa akilima mboga kiangazi? Pembeni palikuwa na kidimbwi chenye majani yanayoelea. Ukirudi likizo, hata chai hujanywa, unavua viatu na kutuita mimi na kaka Festo. Tulilala kifudifudi kwenye nyasi za baridi, pua zimekaribia maji. "Msimshike. Mwangalieni kwanza," ulisema. Ulitufundisha kutomchanganya mtembea-maji na yule wa miguu mirefu anayeteleza mbio. Huyu wetu ni mdogo kuliko punje ya mchele, kijani kilichochujuka, na hana haraka. Anapita juu ya maji na majani kama mama mkwe anayekagua nyumba. Makucha yake yako kwenye ncha kabisa ya mguu, na ya yule mkimbiaji yamerudi nyuma kidogo. Nilikupenda mno siku zile, Baba, na sioni haya kulisema.

Kisha mimi na Festo tukamaliza kidato cha nne mwaka mmoja, maana yeye alikuwa amerudia darasa. Shangazi wa Mbeya akakubali kumpokea mmoja wetu, mmoja tu, aendelee na masomo akiwa kwake. Ukasema utatupima kwa haki: atakayewatambua watembea-maji vizuri ndiye atakayekwenda. Ukatupa wiki moja pale kidimbwini, kila mtu na daftari lake.

Festo aliandika kwamba wenye mabawa ni wazima na wasio na mabawa ni watoto. Hivyo ndivyo ulivyotufundisha. Hata vichupa vyako viwili vya spiriti kule kabatini vilisema hivyo kwa mwandiko wako, kimoja "Mzima", kingine "Mtoto", na jina lako chini yake.

Mimi niliandika kwamba wako wasio na mabawa ambao ni wazima vilevile. Nilimwona mmoja, mgongo mtupu, akilichoma bua la nyasi kwa ncha ya tumbo, anaingiza yai, anasogea, anachoma tena. Nikachukua lenzi yako nikahesabu vipingili vya unyayo wake. Vilikuwa vitatu, na kitabu chako mwenyewe kilisema mtoto hafikishi vitatu.

"Baba," nikakuuliza, "mtoto anatagaje mayai?"

Festo akacheka. Nafikiri kicheko kile ndicho kilichoniponza. Ulinizaba kofi mpaka sikio likalia. "Ndiyo wewe wa kunifundisha mimi?" Ukachana ukurasa wangu ukautupa majini, nami nikaenda mferejini kuosha uso. Niliporudi ulikuwa umeshaamua. Festo alikwenda Mbeya na sanduku nililolipanga mimi, kwa nguo zangu kwanza, kisha nikazitoa. Mimi nikapanda lori la majani ya chai.

Huyo mteule wako hakumaliza hata kidato cha tano. Leo anauza vipuri vya malori Makambako, na mdudu anayemjua ni yule wa kwenye mahindi.

Ulipougua nilikuuguza mimi, kwa kuwa mke wa Festo eti harufu ya mgonjwa haiwezi. Asubuhi moja nakunywesha uji, ukanishika mkono. "Vile vichupa vipeleke shuleni kwangu. Ila kwanza ubadilishe lebo. Yule asiye na mabawa naye ni mzima."

Nikaweka kikombe chini. "Ulijua lini, Baba?"

"Siku ile ile. Ulipokwenda kuosha uso, nilichukua lenzi."

"Na hukusema?"

"Ningesemaje, mama? Mbele ya watoto?"

Miaka yote hiyo, Baba! Ningekuwa na moyo kama wako ningekumwagia ule uji. Nilikufuta kidevu, nikakwambia nitabadilisha, ukalala umetulia kama mtu aliyelipa kila kitu. Nilikuwa nakudanganya, na nilijua nakudanganya.

Tulipomaliza matanga nilivipeleka vichupa Makambako mwenyewe, na lebo zako zile zile. Nilitaka wacheke. Mwalimu aliyeko sasa ni msichana mdogo, akanikaribisha niketi nyuma ya darasa. Alimweka mdudu wako wa kichupa cha "Mtoto" chini ya hadubini, kitabu kikiwa wazi pembeni, wanafunzi wakapita mmoja mmoja. Binti mmoja, sweta limetoboka kiwiko, aliinama pale muda mrefu.

"Mwalimu, hapa pamekosewa," akasema. "Huyu siyo mtoto. Nimehesabu vipingili, ni vitatu."

Wakasoma jina lako, Baba, wakacheka darasa zima. Nilikuwa nimekaa miaka yote nikikisubiri kicheko hicho, na nilikionja vizuri, usidhani nimekuonea huruma. Mwalimu akanigeukia kwa aibu. "Mzazi, tuifute lebo?" Nikamwambia, "Iacheni. Ni mwandiko wake."

Lakini kabla ya hapo yule mwalimu alikuwa ameinama naye kwenye hadubini, akahesabu mwenyewe, akamwambia yule binti: "Umeona vizuri. Kaa."

Ni maneno matatu tu, Baba. Binti akaenda kukaa, akaendelea kuchonga penseli yake. Mimi nilitoka nje nikalia mpaka mlinzi akaja kuniuliza nimefiwa na nani.

Lala hapo ulipo. Lebo sikubadilisha, wala sitabadilisha.

Mwanao, mtu mzima.