Rangi Niliyoiona Kwenye Jibini

Msasani, Tukuyu
Jumatano, baada ya alasiri

Kwa dada yangu Rehana,

Amani ya Mola ikushukie wewe na wote waliomo nyumbani kwako. Natumai goti limepunguza kukusumbua, na kwamba yale mafuta niliyokutumia unayapaka kweli, hujayaweka kabatini kama kawaida yako. Sisi huku hatujambo. Mvua haijui kupumzika, nguo tunazikausha juu ya jiko, na mume wangu Salimu kifua kinambana lakini anashona kama kawaida.

Utashangaa kuletewa barua na simu zipo. Dada, nikikupigia utaweka spika kama unavyowekaga, na nusu ya Pangani itasikia. Hili ulisome peke yako, mlango umefungwa. Na mkono wangu ukiuona umeandika vibaya, usidhani ni uzee. Kidole cha shahada kina kidonda, na moyo nao hautulii tangu Jumamosi.

Unakumbuka nilikwambia kwamba kuna kijana wa Mbeya, Farhan, anamtaka Nahla. Basi Jumamosi mama yake na shangazi zake walikuja kuposa. Mimi kiherehere kikanipanda. Nikaona pilau na maandazi kila mtu anapika, nami mwanangu ni mmoja. Mpangaji wetu Mwalimu Modesta, yule wa Karagwe anayefundisha mapishi, akaniambia nioke keki ya limao na viazi vya kunyunyizia jibini juu, na kwamba wageni hawatanisahau. Kweli hawatanisahau!

Tukaenda naye mjini kununua greta, ile ya kukwaruzia. Mimi macho yalikwenda kwenye lile kubwa la pembe nne, maana napenda kununua kitu kinachoonekana. Modesta akakataa katakata. Alisema meno yake yanachana ganda la limao yanafika mpaka kwenye weupe, na weupe ndio wenye uchungu. Akachagua moja nyembamba, ndefu kama rula, yenye mpini na vijino vidogo vidogo. Akaijaribu kwa ukucha, akakunja mpini kuona kama unalegea, akasema hiyo itatosha kwa limao na kwa jibini pia. Nikamwambia chombo chembamba vile kwetu tungekiita kijiti cha meno. Akacheka, lakini hakubadili mawazo.

Nyumbani akanionyesha. Alisema limao unalivuta mara moja tu, kwa wepesi, kisha unaligeuza sehemu nyingine, na ukiona weupe unaacha. Nami nilikandamiza. Akaniuliza hilo limao limenikosea nini. Nikamjibu kwamba sisi tumekulia kwenye mbuzi ya kukunia nazi, na asiyekandamiza hali wali. Keki ile ya majaribio ilikuwa chungu hata Salimu, anayekula chochote, aliimaliza kwa chai mbili. Modesta akanionya tena nisikandamize, maana greta ile haina huruma na kidole.

Jumamosi asubuhi Modesta alikuwa shuleni. Ikupa wa Lupepo, anayetuuziaga maziwa, alikuwa ameniletea malimao na jibini jana yake, na jibini niliiweka dirishani tu ikaganda vizuri, maana baridi ya Tukuyu haihitaji friji. Nikaanza na malimao. La kwanza nikalikwaruza vizuri, la pili vizuri. La tatu nikasikia gari nje, nikadhani wageni wamewahi, mkono ukarudi kwenye tabia yake ya zamani. Nikakandamiza. Sikusikia maumivu kabisa, dada, nakuapia. Gari likapita. Nikakung'uta maganda yote kwenye unga, nikakoroga, nikaingiza keki kwenye oveni ya Modesta.

Halafu nikaosha greta harakaharaka, nikachukua jibini. Ilianguka nyeupe kama machicha ya nazi. Mara nikaona mstari wa waridi. Nikakwaruza tena, ukazidi. Nikageuza mkono, nikaona ncha ya kidole imechunika na damu inatoka taratibu.

Nilikaa chini pale pale. Nilijiuliza damu imeanza saa ngapi, kwenye jibini au kwenye limao? Sikujua. Hata sasa sijui. Nahla akaingia akanikuta namwaga jibini yote kwenye ndoo ya maganda, na kidole kimefungwa kitambaa. Akatazama kidole, akatazama oveni. Akaniambia keki ile isiende mezani. Nikamwambia wageni wako njiani, na hakuna kingine cha kuweka, na pengine keki ni safi. Akanijibu kwamba "pengine" hailiwi. Mtoto wangu mwenyewe, dada! Nami nikaipeleka mezani.

Waliila. Mama Farhan alikula vipande viwili, akasifu, akaomba nusu iliyobaki ampelekee Farhan. Aliponiuliza kidole kimefanya nini nikasema nimejikata nikimenya ndizi. Nahla alikuwa amekaa kwenye mkeka. Walimkatia kipande, kama mila inavyotaka, mchumba ale alichokula mama mkwe. Hakukigusa. Wageni wakacheka, wakasema ana haya.

Lakini jana Mama Farhan alinipigia, na hakuwa anacheka. Alisema wamekaa wakafikiri, na kwamba binti aliyekataa kula nao mbele za watu huenda analazimishwa. Yeye hataki mkwe wa kulazimishwa. Alitaka jibu kabla ya Jumapili, la sivyo posa wataiondoa kwa heshima. Nahla akaniambia waziwazi kwamba anampenda Farhan, lakini hataingia nyumba ya watu kwa mlango wa uongo. Kama sisemi mimi, atasema yeye. Salimu naye, mwoga wa maneno kama unavyomjua, anasema funika kombe mwanaharamu apite, tumwambie tu mtoto alikuwa anaumwa tumbo.

Nami nimekuwa kama mtu aliyemeza moto. Nikinyamaza, mwanangu anaachwa kwa kosa lisilo lake. Nikisema, nitasema nini? Kwamba nimewalisha najisi watu waliokuja kuposa? Na unajua kwetu wanawake. Damu ikitajwa kwenye chakula, tena alichopelekewa mwanaume, nani ataamini habari za greta? Watasema ni limbwata. Watasema mama na binti wamemfunga Farhan kwa dawa. Neno hilo likishatoka halirudi mdomoni.

Na wewe dada ndiye unayelijua neno hilo kuliko mtu yeyote. Hapa ndipo nilipokuwa nakuja tangu mstari wa kwanza, na mara nne nimeacha kalamu nikaenda kuinjika chai nisiyoinywa.

Miaka thelathini na moja iliyopita, siku watu wa Twalib walipokuja kukuposa, mama aliniweka mimi kwenye mbuzi nikune nazi za wali. Nilikuwa na miaka kumi na tano, na nilikuwa na haraka ya kwenda kuchungulia wageni. Nazi ya mwisho nilikandamiza kipande kilichobaki chembamba, meno ya mbuzi yakanipata kidoleni. Damu ikadondokea kwenye nazi, ikawa rangi ile ile niliyoiona Jumamosi kwenye jibini. Nilimwogopa mama. Nikafunga kidole kwenye pindo la kanga, nikakuita kwa sauti nzuri, nikakwambia njoo unishikie kidogo, nakwenda kuteka maji. Nawe ulikaa. Hukuuliza, maana ulikuwa dada. Ndipo shangazi yake Twalib alipochungulia jikoni, akakukuta umekaa kwenye mbuzi, na mbele yako nazi yenye damu.

Nilikuwa nyuma ya ukuta na ndoo yangu. Nilisikia kila kitu. Nilisikia alivyotamka limbwata, na ulivyomwapia, na mama alivyokupiga kofi mbele za watu. Ningetokeza mkono tu, ningeonyesha kidole, yangeisha. Sikutokeza. Nikangoja kishindo kitulie kwanza. Hakikutulia. Twalib akaoa kwingine, wewe ukakaa miaka tisa mlango haubishwi, mpaka ukaenda kuwa mke wa pili kwa mtu uliyemwita baba mwanzoni. Na tangu siku ile sijakuona ukikalia mbuzi. Watu wanadhani ni goti.

Huwa unasema unashangaa nilivyokubali kuolewa mbali hivi, kwenye baridi na mvua. Sasa unajua.

Siwezi kukuomba unisamehe kwa karatasi, ingawa nakuomba. Sikuandika nipate wepesi pia, maana sijapata. Nimeandika kwa sababu Ijumaa asubuhi nakwenda Mbeya kwa Mama Farhan, peke yangu. Greta nitaiweka kwenye mkoba, na limao moja. Nitamfungulia kidole aone. Akitaka nitalikwaruza mbele yake aone mkono wangu unavyokosea. Akisema limbwata, aniambie mimi usoni, asimwambie Nahla. Lakini nilipokuwa najipanga namna ya kusema, niliona siwezi kumwambia mgeni ukweli wa juzi huku wewe nimekunyima wa miaka yote hii. Barua nitampa utingo wa basi la kesho alfajiri, pamoja na mchele wa Kyela na majani ya chai, kwa hiyo itakufikia nikiwa nimeshasema. Usinipigie kunizuia.

Nahla anakusalimia sana, Mama Mkubwa wake. Ya zamani hajui. Kama unaona inafaa ayajue, mwambie wewe au niamuru nimwambie mimi, maana mwenyewe ni wewe. Salimu anakusalimia. Modesta naye anasema anatamani akuone, kwa jinsi ninavyokutaja. Wasalimie wanao wote, na umpe pole bibi jirani kwa msiba.

Paka mafuta goti. Kama kweli ni goti linalokuuma.

Mdogo wako, aliyekuita ukae kwenye mbuzi,

Arafa