Mama Aliyeosha Injini

Kinjumbi, Jumamosi

Kwako dada yangu Zuhura,

Shikamoo dada. Mimi mdogo wako ni mzima, alhamdulillahi, na Mama anakula, anaswali, anagombana na kuku wake kama unavyomjua. Nataraji nanyi huko Mitwero hamjambo, na shemeji kile kifua kimempungua.

Habari ya kwanza ni gari la marehemu Baba. Ulisema injini isipowaka kabla ya Ramadhani tuliuze skrepa, nami nikakubali, ingawa Mama aliposikia hakugusa chakula. Si unajua anavyoliona lile pikapu? Ndilo lililowapeleka hospitali wagonjwa na waja wazito wa kijiji kizima. Basi nikamwita fundi Eusebio, yule Mmatumbi wa Kipatimu, mtu wa kanisani sana na mpole. Banda lake limeezuliwa na upepo, kwa hiyo injini akaifungulia ukumbini kwetu, vyuma vyote vikapangwa juu ya jamvi.

Dada, nimeendesha gari lile miaka yote na sikujua nimekalia nini. Kuna chuma kirefu kilichopindapinda, mafundi wanakiita krenki, ndicho kinachozungusha kila kitu. Eusebio alinionyesha vitundu vilivyotobolewa ndani yake, vyembamba, vinapita gizani kutoka upande mmoja hadi mwingine. Humo ndimo inamopita oili. Akaniambia injini ikiwa nzima krenki haigusi beringi, vile vyuma inavyokalia. Inaelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko ganda la kitunguu, na utando ule ukikosekana, injini imekufa. Nikasema Subhanallah. Nikafikiria mishipa yetu sisi, ilivyopitishwa mahali pake tukiwa bado tumboni. Eusebio akacheka, akasema Bwana Ridhiwani, wewe kila bolti unaitolea mawaidha.

Kila alichokisafisha alikipaka oili, maana hewa yetu ya chumvi, alisema, inaanza kula chuma kilicho uchi kabla hujamaliza chai. Kisha akaenda kwao kwenye kipaimara cha binti yake, akaacha amri moja tu: tusiguse.

Amri hiyo niliisikia mimi. Mama alikuwa uani. Na kesho yake ndiyo ilikuwa hitima ya Baba. Narudi kununua mchele, namkuta Mama kwenye kibao, ameosha pistoni, ameosha beringi, krenki, mpaka ndani ya silinda, kwa majivu na kumbi la nazi, akamalizia na ndimu kama masufuria ya shughuli. Akasema watu hawawezi kusoma Kurani pembeni ya uchafu unaoteleza vile. Kulipokucha vyuma vilikuwa vyekundu kwa kutu.

Eusebio aliporudi alivua kofia akakaa chini pale mlangoni, hakuingia. Nikajua gari limekwisha. Mama ndiye aliyemsogelea, akamwuliza mwanangu mbona huingii, nimekusafishia kazi yako yote. Dada, yule bwana badala ya kufoka alimtazama Mama usoni kwa muda, halafu akasema ahsante Bibi, umenioshea mpaka riziki yangu. Tukacheka wote. Kisha akamshika mkono, akamkalisha jamvini, akampa msasa laini na mkebe wa oili, akamwambia aliyeosha ndiye atakayepaka.

Beringi zilikwaruzika, ikabidi tuagize nyingine Nangurukuru, lakini vilivyobaki alisema vitapona. Vitundu akavisukutua kwa dizeli na kuvipuliza hadi jivu lote likatoka. Mama anapitisha kidole, anasema hapa bado, na ukimulika tochi unakuta kweli, chembe ya kutu. Beringi mpya alizipaka oili nzito polepole huku akimswalia Mtume, kama anavyokanda mtoto mchanga.

Siku ya kuwasha Eusebio hakutaka haraka. Ikizunguka kavu, alisema, kazi yote bure. Akazuia dizeli isipite, akafungua tundu moja la oili ubavuni mwa injini, mbali na feni, akaweka kidole cha Mama hapo ahisi oili ikifika. Mimi nikashika ufunguo. Ikazunguka, oili bado. Nikazungusha tena, bado. Nilikuwa nasoma Ayatul Kursi. Mara Mama akapiga ukelele: "Imefika! Inapanda hii!" Oili inamchuruzika hadi kwenye kiwiko, na analia. Tukafunga tundu, tukaachia dizeli, ikawaka, dada! Ikanguruma mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba. Mimi nilisujudu pale pale mchangani.

Sasa nifike kwenye jambo lililoniketisha kuandika. Mama haoni. Asubuhi ile ya hitima alikuwa akipitisha mkono juu ya kutu, anawaonyesha wageni jinsi vyuma vinavyong'aa. Hapo ndipo nilipojua. Nilipombana alikiri kwamba tangu msimu wa korosho anaona mwanga tu, na sisi anatujua kwa hatua zetu. Alikwishapelekwa zahanati kwa siri na jirani yetu Kijakazi, wakamwambia ni mtoto wa jicho, anatolewa kwa upasuaji. Akakataa. Alisema kilichofunguliwa na binadamu hakirudi kuwa kama kilivyokuwa.

Lakini jana, gari likiunguruma na kiganja chake juu ya boneti, alimwuliza Eusebio kama kweli hii ndiyo ile iliyotapakaa ukumbini. Akamjibu ndiyo hiyo hiyo, Bibi, na mimi mwenyewe kila ninapoifunga injini huwa siamini mpaka iwake. Mama akaniita, akasema mwandikie dada yako atutafutie daktari wa macho huko kwenu Lindi, nikafunguliwe na mimi. Na usimpigie simu, maana atalia nami nitamsikia.

Basi gari haliuzwi, dada. Tutakuja nalo ukishatupa siku, ila Mama ameamuru niendeshe taratibu, injini bado ngeni.

Tusalimie shemeji na watoto, na yeyote huko anayetukumbuka. Usiache kumwombea. Mungu akipenda, safari hii atakuona.

Ni mimi mdogo wako,
Ridhiwani