Injinia wa Mama

Mumias, 14 Julai 2025

Mwanangu Swaibu,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii inakukuta mzima, unakula na kulala vizuri. Sisi hapa tunamshukuru Mungu. Goti langu bado linanisumbua nikiinama, na dadako Aminah anakusalimu pamoja na watoto. Naandika kwa mkono kwa sababu simu umenikatia mara mbili, na barua haina mahali pa kukatia. Nimempa Protus, anayekuja huko Lurambi kununua vyuma.

Swaibu, Aminah amesoma kwenye simu yake kwamba walioahirisha masomo mwisho wao wa kurudi ni Septemba hii. Umebakisha miaka miwili tu! Mtu bila digrii siku hizi ni nani? Milcah wa Osiako, yule uliyekuwa ukimsaidia hesabu, mwaka jana alivaa joho. Wewe unavaa miwani ya kuchomelea vyuma. Sokoni wakiniuliza Injinia hajambo, najibu hajambo. Ulitaka nijibuje? Kwamba mwanangu anatengeneza mashine za kukatakata majani ya ng'ombe? Umenichosha, baba. Rudi chuo.

Ni mimi mama yako,
Zuena

Lurambi, 21 Julai 2025

Mama mpendwa,

Waaleikum salaam. Mimi ni mzima, na karakana inaendelea vizuri. Pole kwa goti. Ile dawa niliyokutumia ni ya kupaka, si ya kuweka kabatini na vikombe vya wageni.

Ungejibu hivyo hivyo, Mama. Mwanangu anatengeneza mashine za kukatakata majani ya ng'ombe. Ni kweli, na wafugaji kutoka hapa mpaka Lubao wananijua kwa kazi hiyo. Juzi alikuja mzee kutoka Matungu, akasimama mlangoni akauliza, "Injinia huwanga hapa?" Vijana wangu wakamwonyesha jengo la jirani. Nilitamani kuingia chini ya meza. Nakuomba uache kuniita hivyo. Nimekuomba mara ngapi sasa?

Na hiyo digrii. Shikanga, tuliyelala naye chumba kimoja, aliipata, tena kwa alama nzuri. Leo anauza laini za simu chini ya mwavuli hapo mjini. Mimi nimeajiri watu watatu. Kati yetu nani amefaulu? Hakuna mteja aliyewahi kuniomba cheti. Wanauliza kama mashine inakata au haikati. Karatasi ni karatasi, Mama. Niache nifanye kazi.

Mwanao,
Swaibu

Mumias, 4 Agosti 2025

Mwanangu Swaibu,

Assalaam aleikum. U mzima? Mimi leo hata goti silisikii kwa furaha.

Ghorofa ya madrasa imekwisha! Tarehe ishirini na tatu watoto wanapanda kusomea juu. Kamati inataka tu injinia aiangalie kwanza na kuandika kwamba iko sawa. Walipokaa, Mzee Usman, si unajua ndiye mwenyekiti, akasema mbele ya watu wote, "Ya nini kusumbuka na mtu wa Kisumu, na kijana wetu huwanga hapo Lurambi tu?" Wote wakanigeukia. Nikasema utakuja.

Usianze kununa. Ni kuja, kuangalia, na kutia sahihi. Nitakuchinjia ingokho, kuku mzima.

Mama yako,
Zuena

Lurambi, 11 Agosti 2025

Mama,

Salaam. Afya ninayo, hasira pia ninayo.

Jana nilikuja. Nilijua umeenda arusini Matungu, ndiyo sababu nilichagua jana. Mzee Usman alinifungulia, akaniita Injinia mpaka masikio yakaniuma. Nilisimama chini ya ile bimu ya katikati, inayobeba sakafu yote ya juu. Mama, ina ufa. Unaanzia karibu na nguzo na kwenda mpaka kwenye dirisha. Nimeutazama hadi shingo ikakakamaa, na sijui ni ufa wa nini. Huenda ni plasta tu. Huenda bimu yenyewe imeanza kuachia. Mambo haya hufundishwa mwaka wa nne, na mwaka wa nne sikukaa darasani.

Mashine yangu ikiharibika, mtu ananirudishia naitengeneza. Hapa watoto watakuwa juu na wengine chini. Siwezi kuandika kitu nisichokijua.

Ajabu ni wewe. Miaka miwili umeniimbia digrii, digrii, bila digrii mtu si mtu. Leo kazi imekuja ambayo kweli inamtaka mwenye digrii, nawe unasema ni sahihi tu! Mwambie Mzee Usman ukweli kabla ya sherehe. Usipomwambia, Ijumaa ya tarehe ishirini na mbili nitakuja nisimame baada ya swala niseme mwenyewe.

Mwanao,
Swaibu

Mumias, 13 Agosti 2025

Swaibu,

Salaam. Afya ninayo.

Kwa hiyo unataka nisimame mbele ya akina mama ambao nimewaambia miaka miwili kwamba mwanangu ni injinia, niseme nilikuwa nacheza? Nani atanisalimia tena? Nyumba zote zina nyufa. Hata ya kwetu ina ufa juu ya kitanda changu, na bado naamka kila siku. Wewe mwenyewe uliandika kwamba karatasi ni karatasi. Basi andika hiyo karatasi. Huwezi kunifanyia jambo hilo moja?

Usije Ijumaa. Ukija kunivua nguo mbele ya watu, hapa kwangu usiingie.

Mama yako

Mumias, 26 Agosti 2025

Mwanangu Swaibu,

Assalaam aleikum. Natumai huumwi. Mimi naumwa kila mahali, lakini si ugonjwa.

Unajua Mzee Usman alikupigia Ijumaa asubuhi kukwambia usisumbuke kuja. Sababu huijui, maana hukuniuliza nami sikupiga simu. Alhamisi tulipanda juu, mimi na wanawake wenzangu, kutandika mikeka. Wenzangu walikuwa wanakatiza katikati. Mimi nilikuwa nazunguka kandokando ya ukuta. Nilikuwa sijitambui, mpaka wakaanza kunicheka. "Zuena, unatafuta sindano?" Nikacheka nao. Miguu ikakataa kwenda katikati.

Ndipo Swafia wa Aminah akatoka mbio, akafika katikati, akaanza kuruka kamba. Kila akitua, mimi moyo unaruka. Swaibu, nilipiga ukelele. Nilisema, "Mtoeni huyo mtoto! Swaibu wangu si injinia, aliacha chuo, amekataa kutia sahihi!" Yote kwa pumzi moja. Mmoja wao akamshika mkono akamtoa. Nikateremka ngazi peke yangu, nikaenda kwa Mzee Usman nikamwambia tena, ili asisikie kwa mtu mwingine.

Sherehe ikaahirishwa. Sufuria za wali zilikuwa zimeshaazimwa, sitaki hata kukumbuka. Jana wakamleta injinia kutoka Kakamega, mwanamke, si mkubwa kwako. Akaomba michoro, akapanda ngazi, akabandua plasta kidogo, akapima bimu kwa kifaa chake. Akashuka anajipangusa vumbi. Unajua alisema nini? Plasta. Plasta, Swaibu! Bimu ni nzima kabisa. Nimejiaibisha Mumias nzima kwa sababu ya plasta! Ungetia sahihi tu siku ile, sasa hivi ningekuwa nakunywa chai na watu.

Wewe na chuo chako mmenishinda. Sitakuuliza tena.

Mama yako,
Zuena

Lurambi, 1 Septemba 2025

Mama yangu,

Waaleikum salaam. Niambie goti linaendeleaje baada ya ngazi hizo zote.

Nilipofika kwenye neno plasta nilicheka mpaka vijana wakazima mashine kunitazama. Kisha sikucheka tena. Ni kweli ningetia sahihi ingekuwa sawa. Na mwaka ujao Mzee Usman angeniletea jengo jingine, nami ningetia sahihi nikikumbuka kwamba la kwanza halikuanguka. Hilo linaniogopesha kuliko ufa.

Najua ulichofanya hakikuwa rahisi. Mimi nilikuwa nasema tu nitasimama msikitini. Wewe ulisimama. Naona fahari, Mama, na sijui niliandike vipi bila kuonekana mjinga.

Bado nasema digrii haimfanyi mtu awe mtu. Shikanga yuko pale pale chini ya mwavuli. Lakini yule dada alibandua plasta akajua, na mimi nilisimama pale pale nikakosa kujua, na jambo hilo halinipi usingizi. Nimeandika chuoni. Karakana mmoja wa vijana wangu ataishika nikiwa masomoni. Huenda wakanikubali, huenda wakakataa. Nakuomba kitu kimoja tu, kwa jina la Mungu: usimwambie mtu.

Mwanao akupendaye,
Swaibu

Mumias, 9 Septemba 2025

Mwanangu Swaibu,

Assalaam aleikum. Dawa ya goti nimeanza kupaka.

Barua yako nimeisoma nikaificha, hata Aminah hajaiona. Leo sokoni Quinter muuza nyanya, ambaye habari za madrasa hazijamfikia, aliniita kutoka ng'ambo ya barabara, "Mama Injinia, Injinia hajambo?" Watu wakageuka. Ulimi uliniwasha, mwanangu, usifikiri ilikuwa kazi ndogo.

Nikamjibu, Swaibu hajambo.

Mama yako,
Zuena