Mwendo wa Kipanga

4 Machi

Dada yangu mpenzi,

Habari za huko? Mgongo wa Mama unaendeleaje, na ile cherehani yako imeacha kukata uzi? Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo imevunjika, na safari hii si kwa kuanguka.

Steringi wetu, yule mwigizaji mkuu, amestaafu. Magoti yamemshinda. Ukiniuliza mimi, yalimshinda tangu filamu ya tatu, maana toka hapo jasusi Kipanga akiruka ukuta ni mimi, akining'inia kwenye treni ni mimi, akitembea amegeuza mgongo ni mimi. Yeye kazi yake ilikuwa kutabasamu akishafika chini. Miaka kumi na tisa, Dada! Jasusi anapendwa kila mahali, na nusu yake ni mdogo wako.

Sasa kwa filamu ya kumi na mbili wameleta steringi mpya. Ana miaka thelathini na meno meupe kama vigae vya bafuni. Mimi wanasema kiuno kimezidi na nywele za kisogoni zimepungua, na kisogo ndicho kamera inachokiona. Mtu mwingine wa kuruka badala yake wameshampata. Nimeambiwa nimfundishe steringi kutembea, kukimbia na kuanguka kwa wiki tatu, halafu kwaheri.

Nina miaka arobaini na sita na sijui kazi nyingine isipokuwa kuanguka bila kuumia. Nani ataniajiri kwa hilo? Usimwambie Mama.

Mdogo wako,
Kitinda

15 Machi

Kitinda,

Barua imefika, na sisi tupo. Cherehani bado inakata uzi. Mgongo wa Mama umetulia, mdomo ndio haujatulia.

Nimemwambia. Usininunie, alinikuta nasoma nimekunja uso akaninyang'anya karatasi. Kumbe miaka yote hii alidhani kazi yako ni kuwapangia waigizaji viti! Amesema, "Yaani walikuwa wanamrusha mwanangu kutoka kwenye paa na wewe unajua?" Asante sana.

Sasa nisikilize. Najua inauma, na mimi imeniuma. Lakini huyo wa meno hajakunyang'anya kitu, kaajiriwa kama ulivyoajiriwa wewe. Mfundishe vizuri, utoke kama mtu mzima. Chumba cha nyuma nitaondoa vitambaa vyangu, utakaa hapa mpaka ujue la kufanya.

Dada yako

2 Aprili

Dada,

Natumai nyote hamjambo. Mwombe Mama radhi, mwambie mara nyingi chini huwa kuna magodoro.

Kazi nimemaliza. Mwanafunzi wangu anatembea vile vile nilivyotaka atembee. Kila asubuhi alinisalimia kwa adabu, akaniita mwalimu, akarudia zoezi mara hamsini bila kulalamika, na hilo ndilo lililonichefua zaidi. Mtu anakuja kukurithi ukiwa hai, halafu hakupi hata sababu ya kumchukia!

Nimempa mwendo maalumu. Usiniulize. Siku watakapoanza kupiga picha nitakuwa kwenye basi, nacheka peke yangu. Nitegemeeni mwisho wa mwezi.

Mdogo wako,
Kitinda

20 Juni

Wewe mtu wewe!

Salamu baadaye. Mwisho wa Aprili nilikungoja, kitanda nimetandika, Mama kakaa dirishani. Hukuja. Mei yote kimya. Nikasema labda aibu, nimwache.

Jana nimekwenda kwa fundi saa, televisheni yake ikaonyesha trela ya Kipanga mpya. Namwona huyo wa meno anatoka hotelini na suti yake, bega moja juu, jingine chini, mguu mmoja unachelewa. Anafika kwenye kona, anasimama, anainamisha kichwa upande, kisha ndiyo anapita. Mkoba ulinidondoka. Huyo ni Baba! Ni Baba yetu na mfuko wake wa barua, anasikiliza kama nyumba ina mbwa!

Nilicheka, nakiri, mpaka fundi saa akaniletea maji ya kunywa. Nilipofika nyumbani nikakasirika. Ulitaka yule kijana achekwe, ndiyo ukamvisha mwendo wa marehemu? Mtu aligawa barua miaka thelathini kwa mwendo huo, tukala, tukasoma. Wakimcheka huyo, wanamcheka Baba, na mjane wake yupo hai anakuulizia kila siku. Yeye bado hajaiona. Niambie ukweli kabla hajaiona.

Na uko wapi?

Dada yako

9 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Najua hiyo haitoshi. Mpe Mama pole kwa kungoja.

Ni kweli. Nilifanya kwa roho mbaya. Nilitafuta mwendo wa ajabu kuliko yote niliyowahi kuona, na ule ndio ulionijia wa kwanza. Nilijua mwongozaji atamfokea kijana wa watu siku ya kwanza tu, na mimi nitakuwa nimeshaondoka.

Nikiwa kituoni na begi, gari la kazini likaja kunifuata. Nikasema nimekwisha, nimegundulika. Kufika, mwongozaji ananishika mikono yote miwili: "Mwendo huu umeutoa wapi? Huyu jasusi anasikia kitu ambacho sisi hatukisikii!" Walikuwa na shida moja tu. Yule mrukaji mpya hakuweza kuuiga. Akijaribu, anaonekana kama kiatu kinambana. Basi wakanirudisha. Fundi wa mavazi kaipanua suti kiunoni, kisogoni wakanibandika nywele. Nilikaa kimya miezi miwili kwa sababu ningekuandikia nini?

Wiki iliyopita nilishindwa kuvumilia, nikamwambia kijana kila kitu. Nilidhani atanipiga. Alicheka kwanza. Halafu akavuta kiti na kuniuliza Baba alikuwa mtu gani. Nikamsimulia mfuko, mageti na mbwa. Kesho yake alikuja na mkoba umejaa matofali, akatembea nao mchana kutwa kuzunguka uwanja. Dada, nilitoka nje nikalia.

Wanataka tufanye filamu tatu zaidi, mimi na yeye. Karatasi ziko mezani, sijasaini. Mwendo si wangu, ni wa mume wa Mama. Nimeambatanisha tiketi mbili za siku ya kwanza. Mwambie Mama ukweli wote, umpeleke akaone. Akisema nimemdhalilisha Baba, narudi nyumbani na huku sirudi tena.

Mdogo wako,
Kitinda

3 Septemba

Kitinda wetu,

Sisi wazima, cherehani imepona, na jana tulikwenda.

Nilimwambia Mama kila kitu kama ulivyotaka. Alivaa gauni lake la bluu, akakaa safu ya tatu, mkoba magotini kama mtu anayesubiri daktari.

Kijana akatokea, akaanza kutembea. Hakuna aliyecheka. Alipoinamisha kichwa pale kwenye kona, ukumbi mzima ulisikiliza pamoja naye. Nilimtazama Mama. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, na machozi yalikuwa yanamtoka bila hata kuyafuta. Nilikuombea kimoyomoyo, mdogo wangu.

Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliye jikoni kwake, ukumbi wote ukasikia, "Bega silo!"

Nikamwambia nyamaza Mama. Wapi! "Mfuko ulikuwa bega la kushoto. Nimelikanda bega lile kila jioni kwa miaka thelathini, nitalisahau?" Watu wakageuka, naye akawaambia bila wasiwasi, "Huyo ni mume wangu, ila wamemgeuza."

Nimeliwaza hilo njia nzima tukirudi. Mimi na Mama tulimjua Baba akiwa nyumbani, amekaa. Wewe ulikuwa unamngoja getini, ukimwona akija, uso kwa uso. Ndiyo maana umemweka kama kwenye kioo, kushoto kwake kukawa kulia. Hukumdhihaki, Kitinda. Ulikuwa bado unamngoja.

Mama anasema usaini karatasi leo hii, na filamu ijayo huyo wa meno abebe upande wa kushoto. Anasema pia mje naye hapa, wewe na yeye, amwonyeshe mwenyewe.

Dada yako