Wasinitandikie Khanga

Jumapili, kambini

Nilishapanga safari yote. Basi linishushe Masasi jioni, nijibanze kwa shangazi pale Mkomaindo, kisha nipande gari la mwisho la Newala. Nifike kwetu Mnyambe watu wamelala, wasinione.

Muda wangu wa kujitolea jeshini umeisha na kwenye ajira sikuchaguliwa. Magwanda nimeyarudisha leo.

Mama akapiga simu. "Mama Neema, wanawake wa hapa watakutandikia khanga njiani. Uje umevaa kijeshi!"

"Mama, siji likizo. Wameniacha. Waambie wasitandike."

Khanga hutandikiwa mwali akitoka unyagoni, mtu aliyehitimu. Mimi nimehitimu nini? Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Neema akamnyang'anya bibi yake simu. "Mama, ukija utaondoka tena lini?"

"Siondoki tena, mwanangu."

Akapiga kigelegele, akatoka mbio na simu. Nikamsikia huko nje, nyumba hadi nyumba: "Mama yangu ameachwa na jeshi! Haondoki tena!" Na mama nyuma yake, "We Neema! Rudi hapa!"

Sasa Mnyambe nzima inajua.

Basi, nitapanda gari la asubuhi.