Kanda ya Marehemu Mbarak

Karurumo,
14 Februari 1994

Kaka Kivuti,

Assalaam aleikum. Sisi hapa ni wazima, ila Mama Aminah miguu inamvimba tangu jua kali lianze. Anauliza kama huko Meru unakula au unasoma tu. Abdi anakusalimu. Bucha inakwenda polepole.

Tangu siku ya maziko ya Baba hujaandika, na sikulaumu, lakini sasa kuna jambo. Wapimaji wamekuja wakapigilia vigingi nyuma ya msikiti, kimoja katikati ya jiko letu. Baba yako mdogo, Mzee Muriithi, ameteremka kutoka Kanja akaiambia kamati ya viwanja kwamba nyumba zetu saba ziko juu ya ardhi ya ukoo wenu, na kwamba sisi ni wageni tu. Kamati itatusikiliza tarehe 20 Aprili. Tukishindwa, tunaondoka. Mimi nilizaliwa katika nyumba hii, na wewe ulinyonya ndani yake.

Nakumbuka mwaka jana Agosti ulikaa na Baba asubuhi nzima ukimrekodi, mimi nikiwaletea chai. Nilisikia vipande tu. Alisema nini kuhusu kiwanja? Naomba utuletee kanda hiyo, tuipeleke mbele ya kamati. Mama naye anataka kusikia sauti ya mumewe.

Bahasha hii nimeibandika kwa gundi ya Abdi ya viatu. Ukiikuta imefunguliwa, niambie.

Dada yako wa ziwa moja,
Hidaya


Meru,
2 Machi 1994

Dada Hidaya,

Salamu zangu kwako, kwa Abdi, na kwa Mama zaidi ya wote. Mwambie nakula. Mambo ya miguu ni chumvi, apunguze. Bahasha yako ilifika salama, ingawa ilinibidi nitumie kisu kuifungua.

Nimesoma habari za vigingi mara tatu. Miaka ishirini nimekuwa nikipigana na wakubwa wangu katika chuo hiki kuhusu jambo moja. Wao wanasema karatasi ya karani wa kikoloni, aliyeandika asichokijua kuhusu watu asiowajua, hiyo ni historia. Na mzee aliyekuwepo, anayekumbuka hata rangi ya ng'ombe, huyo anasimulia hadithi za watoto. Wanasema hivi wakiwa na shahada ukutani! Mimi nimesimama upande wa wazee, na sitaondoka. Lakini ukisimama upande huo, huchagui mzee wa kumsikia. Ukimsikia anayekupendeza, lazima umsikie na anayekuuma.

Kwa hiyo nakuambia bila kuficha. Baba yetu Mbarak alisema hivi: "Baba yangu alikuja na visu vyake, akamwomba Mzee Njuki mahali pa kulala. Njuki akampa. Hatukununua. Sisi ni wageni wa kuomba. Siku wenyewe wakihitaji, tutainuka." Nilimuuliza mara mbili, akajibu vilevile mara mbili.

Unaona mwenyewe kwamba kanda hii haiwasaidii. Na siwezi kuituma. Iko ndani ya sanduku la bati, na ufunguo ninao mimi. Hakuna atakayeisikia.

Ndugu yako,
Kivuti


Karurumo,
15 Machi 1994

Kaka Kivuti,

Salamu. Mama hajambo kidogo, chumvi amepunguza, hasira hakupunguza.

Unasema hakuna atakayeisikia. Jana kamati ilikuja kuangalia mipaka. Mzee Muriithi akasimama juu ya kigingi cha jikoni kwetu, akasema, "Marehemu mwenyewe alikiri. Alisema, hatukununua, sisi ni wageni wa kuomba, siku wenyewe wakihitaji tutainuka." Neno kwa neno, Kivuti. Na baada ya "hatukununua" akakohoa, kikohozi kile cha Baba cha kifua. Mama alikuwa mlangoni. Alishika kizingiti akakaa chini.

Sasa nifanyie hesabu, wewe msomi. Asubuhi ile ya Agosti walikuwepo watu wangapi? Baba, wewe, na mimi nikiingia na birika. Baba yuko kaburini tangu Novemba. Mimi maneno hayo yote nimeyajua kutoka kwenye barua yako. Amebaki nani?

Mama anasema nikuulize swali lake kama lilivyo: "Nilipompa titi la kushoto na wewe la kulia, mama yake akiwa mahututi huko hospitalini, je, nilikuwa namlea mwanangu au mpelelezi?"

Ifute kanda hiyo. Bonyeza kile kidude chekundu, uache izunguke mpaka mwisho. Ukishafuta, Muriithi atakuwa mzee mmoja tu anayesema maneno yake.

Hidaya


Meru,
22 Machi 1994

Dada Hidaya,

Natumaini Mama ameinuka. Nimesikitika, kisha nikakasirika, na nakuandikia nikiwa bado na hasira, kwa hiyo nisamehe mwandiko.

Sifuti. Unajua unaniomba nini? Kuna mtu mmoja tu duniani ambaye sauti ya Baba Mbarak imo mikononi mwake, na unataka niizike mara ya pili. Nikifuta hii kwa sababu inamdhuru dada yangu, kesho nitafuta nyingine kwa sababu inamdhuru mkubwa wangu, na kesho kutwa tutabaki na karatasi za karani.

Na kabla hujaninyooshea kidole, tazama nyumbani. Mumeo. Mara mbili nilipopita Karurumo nilimkuta Abdi akinywa chai na mmoja wa wanakamati, wakanyamaza nilipoketi. Walikuwa wanazungumza nini? Barua zangu kwako unaziweka wapi? Juu ya kabati, kama Mama, mahali ambapo kila anayeingia anaziona? Kisha yupo Wawira, anayenipigia chapa maandishi yangu hapa. Kwao ni Runyenjes, karibu na Kanja, na tangu Januari anavaa viatu vipya. Nilimnyang'anya kazi yangu yote jana, akalia, sikujali. Kisha kuna posta. Usidhani watu wa serikali wa kunusa barua waliacha kazi kwa sababu tulipiga kura ya vyama vingi.

Mimi sikumwambia Muriithi neno hata moja kuhusu kiwanja chenu. Naapa kwa kaburi la mama yangu.

Ndugu yako,
Kivuti


Karurumo,
30 Machi 1994

Kivuti,

Tu wazima.

Abdi nilimsomea barua yako mbele ya wateja. Alivua aproni, akapanda Kanja siku hiyohiyo. Chai ile na mwanakamati, kwa habari yako, ilikuwa ya posa ya mtoto wa dada yake.

Alimkuta Muriithi akipalilia kahawa. Akamuuliza, "Mzee, haya maneno ya baba mkwe wangu uliyapata wapi?" Muriithi akacheka mpaka akaegemea jembe. "Kwani Mwalimu hajawaambia? Alikuja Desemba na redio yake, akaiweka hapo kwenye kigoda. Nikamsikia Mbarak akiongea na nyama yake imeshaoza! Nilimwambia arudishe nyuma, akarudisha. Mara tatu."

Mara tatu, Kivuti.

Uliapa kwa kaburi la mama yako. Nimemwambia Mama Aminah. Aliendelea kuchambua mchele.

H.


Meru,
9 Aprili 1994

Dada Hidaya,

Sina haki ya kuulizia afya ya Mama, lakini nauliza.

Abdi amesema kweli. Niombee radhi kwake, nami nitamwomba nikimwona. Wawira nimemwendea kwao nikamwomba, akanifungia mlango.

Sikusema uongo kwa kukusudia, ingawa najua hilo halipunguzi kitu. Katika kazi yangu, mzee mmoja hatoshi. Ukishamrekodi wa kwanza, unampelekea wa pili umsikilizishe, uone atapinga wapi na atakubali wapi, na huku redio nyingine inamrekodi yeye. Tunaita kupima. Nimewafundisha vijana mia tatu kupima. Siku ile Kanja sikuona kwamba nimembeba Baba Mbarak nimempeleka kwa mpinzani wake, tena akiwa maiti, hawezi kurudisha jibu. Niliona nimepima. Ulipouliza nani amesema, nilihesabu watu wote wa wilaya hii isipokuwa mimi.

Sasa kuna jambo lingine, baya zaidi kwangu na pengine jema kwako.

Muriithi alipomsikia Baba akisema "sisi ni wageni wa kuomba," alicheka. Nami ninayo kwenye kanda ya pili. Alisema: "Mbarak anaona haya. Wageni gani? Baba yangu Njuki alimzaa baba yake upya, kwa tambiko. Walileta kondoo dume. Yule baba yake, mchinjaji, akakataa kula mpaka achinje kwa mkono wake mwenyewe, ameelekea kwao Kibla, baba akasema haya, chinja. Wakakata ukanda wa ngozi, wakamvisha mkononi, wakamwita mtoto wa ukoo. Mimi nilikuwa mdogo, nikapewa paja. Akauvaa ukanda siku nne, kisha akarudi kwenye msikiti wake kama hakuna kitu."

Unaelewa maana yake. Mtu aliyezaliwa hivyo katika ukoo haondolewi. Hata Muriithi hawezi. Baba Mbarak alijua, na alinyamaza kwa sababu ya ule ukanda. Kwake ilikuwa aibu mbele ya Mungu kwamba baba yake alivaa ngozi ya tambiko. Alikubali kuitwa mgeni kuliko watu wa msikiti wajue.

Utauliza kwa nini sikukuambia Februari. Kwa sababu Muriithi aliposikia redio ya pili inazunguka, aliniapisha kwamba kanda yake isisikike mpaka afe, nami nikakubali. Ndiyo desturi yetu ya kazi. Nililinda siri ya aliye hai, nikaiacha wazi ya aliyekufa.

Niko tayari kuvunja ahadi. Tarehe 20 nitakuja na kanda zote mbili nizipige mbele ya kamati, na chuo kinifukuze, na ukoo unitoe. Lakini imamu wenu atakuwepo, na Mama atakuwepo, na kila mtu atasikia habari ya ngozi. Nyumba au heshima ya Baba. Siwezi kuchagua kwa niaba yenu. Niambie, nije au nisije.

Ndugu yako, kama bado,
Kivuti


Karurumo,
13 Aprili 1994

Kivuti,

Mama hajambo.

Usije. Usilete kanda yoyote. Nimempa dereva wa basi la Meru barua hii mkononi kwa sababu siamini posta, na wewe ndiye uliyenifundisha.

Ulijua tangu Desemba. Mimi nilikuwa napanga vyombo kwenye magunia.

H.


Karurumo,
24 Aprili 1994

Kivuti,

Assalaam aleikum. Mama anakula, analala, anatembea mpaka kwa jirani. Nakuandikia kwa sababu ni haki ujue, si kwa sababu nimetulia.

Tulikaa kwenye uwanja wa soko, kamati mezani, sisi kwenye mabenchi ya kanisa waliyotuazima. Imamu alikaa mbele. Muriithi alisema yake, kikohozi na vyote. Wengine wakacheka. Mwenyekiti akauliza kama sisi tuna shahidi. Abdi alitaka kusimama, nikamkanyaga mguu.

Nikasimama mimi. Nilikuwa na kikapu, nikakiweka juu ya meza ya kamati taratibu, nikauacha mkono wangu juu yake. Ndani mlikuwa na miwani ya Mama na dawa zake. Sikusema kuna nini. Muriithi akakitazama.

Nikasema, "Baba Mdogo." Akashtuka, kwa sababu siku zote namwita Mzee, na hilo ni jina unalomwita wewe. "Sikuja kubishana na maneno ya Baba yangu, aliyasema. Nakuuliza wewe uliyekuwepo. Baba yako alipomvisha babu yangu ukanda wa ngozi, nani alipewa paja la kondoo?"

Kivuti, pale sokoni hata waliokuwa wakipima maharagwe waliacha.

"Nani amekuambia hayo?"

"Wewe."

"Lini?"

"Unakumbuka lini. Nikufungulie kikapu, au utasema mwenyewe?"

Alikitazama kikapu, akanitazama, akatazama barabara ya Meru kana kwamba unakuja. Nilimwona akihesabu watu kama ulivyohesabu wewe. Kisha akavua kofia. "Nilipewa mimi," akasema. "Lilikuwa paja la kushoto. Sikujua kwamba nitalilipia uzeeni." Watu wakacheka, na yeye akacheka, na katika kicheko hicho karani akaandika.

Vigingi wameving'oa. Nyumba saba zimeandikwa kwa majina yetu. Lakini mambo hayakuishia hapo. Imamu aliondoka kabla ya chai, na Ijumaa wanaume wawili hawakumpa Abdi mkono. Nilipomfikisha Mama nyumbani nilimwomba msamaha kwa kumfichua baba mkwe wake. Akasema, "Baba yako alikataa kuniambia miaka hamsini. Angeniambia mimi, asingemwambia redio uongo." Kisha akaingia chumbani na hakutoka mpaka kesho yake.

Muriithi amemtuma mtu. Anasema kwa kuwa sisi ni watoto wa ukoo, Jumamosi kuna kikao Kanja na twende na kuni zetu kama wenzetu. Abdi anadhani ni mtego. Mimi pia nadhani ni mtego. Tutakwenda.

Na wewe sasa ni ndugu yangu kwa maziwa na kwa kondoo, na sikuamini kwa lolote kati ya hayo mawili. Umeandika habari za watu wengi. Basi andika na yako: ulichofanya Kanja mwezi wa Desemba, jina lako kamili, mahali, tarehe, nani alikuwepo, nani alicheka. Usiruke kitu. Ukimaliza nitumie, nitaipandisha kwa Muriithi nimsomee sentensi moja moja, nione atapinga wapi na atakubali wapi.

Nikisharidhika, tutazungumza habari za wewe kuja nyumbani.

Dada yako,
Hidaya