Uzi wa Choki

Seldon shoga, uliona kwenye runinga? Uliniona nikirudishwa?

Mwaka mzima nasugua benchi, golikipa wa akiba. Leo nusu fainali ya klabu bingwa Asia Kusini, mji wetu wote wa Thimphu uko uwanjani, golikipa wetu Choki kavunjika kidole. Kocha ananiita, "Kezang, ingia!" MIMI!

Refa akanishika mkono. "Uzi huu utoe."

Na wala si wangu! Ni wa Choki, lama, mtawa wetu wa Kibudha, aliubariki akamfungia mkononi kwa ajili ya mama yake mgonjwa. Alipokatazwa kucheza nao kabla ya mechi, aliuvua kwa sabuni akanivisha mimi na kuukaza kwa fundo, maana kitu kilichobarikiwa hakiwekwi chini. "Usiukate, nakuomba."

Nikauvuta kwa meno. Fundo limeloa jasho, halifunguki ng'o! Kocha huyo na mkasi: "Kata wewe! Unatuua!"

Sikukata. Sikukata, Seldon! Beki akavaa glavu akakaa golini badala yangu, wapinzani wetu Wanepali wakatupiga mbili.

Nimemfuata Choki hospitali, nikamnyooshea mkono aone uzi wake mzima. Akanitolea macho.

"Kezang, si ungekata tu? Lama angenifungia mwingine."